Kikombe Nilichokikataa Ng'ambo ya Rusumo

Nilisafiri mimi ili Adela naye aweze kusafiri. Adela ni binti wa baba yangu mdogo, wanakaa Bukiriro, wilayani Ngara, na kwa muda mrefu amekuwa akitaka jambo moja tu: kuvaa begi mgongoni, kuvuka mpaka, kuzunguka Rwanda na Uganda peke yake, aone, kisha arudi. Haendi kuolewa, hatafuti kazi za ndani, hamfuati mtu. Safari ya namna hiyo kwetu haina jina. Msichana huondoka nyumbani kwa sababu ya shule, ndoa, msiba au ugonjwa. Kwenda kuona tu, watu wanakutazama kama umeanza kuumwa kichwa.

Mimi nilimtetea. Nilimpigia simu baba mdogo Sevelini, nikamwambia siku hizi wasichana wanasafiri wenyewe, kuna namna za kujilinda, mimi nimejifunza.

"Umejifunza wapi?" akauliza.

"Kwenye simu, baba. Naangalia video, nasoma."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi tangulia wewe, mwalimu. Nenda, urudi, uje unieleze kwa mdomo wako. Ukirudi na tatizo, Adela atabaki hapa tupalilie maharage. Ukirudi salama, tutazungumza."

Hivyo nikajikuta nimebeba safari mbili katika begi moja.

Bisibo, nyumbani kwetu, kabla ya kuondoka. Nisifiche, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikunja nguo na pembe moja ikatokeza, naikunjua naanza upya. Begi lile nililipanga, nikalipangua, nikalipanga tena. Mama alikuwa mkekani anachambua maharage. Alinitazama weee, mwishowe akasema:

"Devota, hilo begi limekukosea nini?"

"Nataka likae sawa, mama."

"Likae sawa, kwani linakwenda ukweni?"

Nilikuwa na kanuni zangu nilizozikusanya kwa miezi. Beba filimbi. Weka nakala ya pasipoti mbali na pasipoti yenyewe. Fika unapolala kabla jua halijazama. Usimwambie usiyemjua kwamba uko peke yako. Usinywe kitu ambacho hakikufunguliwa mbele ya macho yako. Vaa pete, wadhani una mume. Pete niliinunua sokoni Biharamulo, na mama alipoiona alishika kiuno.

"Na huyo mume akiulizwa anaitwa nani?"

"Emanueli."

"Wa wapi?"

"Wa Kahama."

"Anafanya kazi gani?"

Sikuwa nimefikiria. Niliacha kupanga nguo, nikakaa kitandani kumtafutia mume wangu wa uongo kazi ya kufanya.

Asubuhi, Biharamulo mjini. Nilichagua kiti cha pembeni ya mama mmoja mtu mzima, kwa sababu kanuni nyingine inasema kaa karibu na wanawake. Tulipoiacha Lusahunga tukaingia pori. Wakubwa wetu bado wanasimulia enzi ambazo mabasi yalisubiriana hapo ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki. Siku hizi yanapita tu, watu wanasinzia. Mimi sikusinzia. Nilishika zipu ya begi, nikashika simu, nikashika mfuko wa begi wenye pasipoti, halafu nikarudi kwenye zipu.

"Binti, umepoteza kitu?" yule mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi tulia. Sasa na mimi umenifanya nianze kupekua mkoba wangu."

Mchana, Ngara mjini. Mji uko juu kilimani, na ukishuka kwenye basi upepo unakupokea kabla ya bodaboda. Ila bodaboda nao hawachelewi.

"Dada, unahama na nyumba yote?"

"Mwache atembee, mimi nibebe begi! Begi halina maneno!"

Nilicheka, lakini begi sikuliachia. Nilimchagua dereva mwenye umri, nikapiga picha ya namba ya pikipiki yake, nikaituma kwa mama. Dereva aliona. Hakukasirika. Alisimama vizuri mbele ya pikipiki akasema, "Ungenipiga na mimi basi, nimevaa shati jipya."

Jioni, Bukiriro. Kwa baba mdogo tulikula ndizi na maharage, na mama mdogo Perusi akanieleza nitakapolala ng'ambo. Anaitwa Mama Klodina, ni mjane. Tangu utotoni hadi usichana wake alikaa huku kwetu Ngara kama mkimbizi, akajua Kiswahili, kisha akarudi kwao Rwanda. Yeye na mama mdogo wanauziana maharage mpakani, na mama mdogo alikuwa ameshampigia simu.

"Ni mtu safi," mama mdogo alisema. "Mkorofi kidogo, lakini safi."

Adela alinisindikiza nje kunawa. Akanishika mkono, akanong'ona, "Dada Devo, hata ukijikwaa, usimwambie baba."

"Sitajikwaa."

"Nasema hata ukijikwaa."

Asubuhi iliyofuata, Rusumo, mpakani. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unatoka dirisha hili unakwenda lile. Yule wa dirisha la pili aliniuliza naenda kwa nani. Nikasema natembea tu. Akanitazama, akaitazama pete, akagonga mhuri.

Kabla ya jengo hilo nilikuwa nimevuka daraja, mto unanguruma kule chini, na katikati ya ule mngurumo simu yangu ikarudi nyuma saa nzima. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Msichana unayesoma haya, ukimwahidi mama yako kwamba utampigia saa fulani, jua ni saa ya nani. Mimi na mama tulikubaliana kitu rahisi zaidi: kabla jua halijazama. Jua halina upande wa mpaka. Jingine ni kwamba magari kule yanapita kulia. Nilitazama upande niliouzoea, nikaingia barabarani, na lori lilinipigia honi ambayo bado naisikia.

Alasiri, kwa Mama Klodina. Pikipiki ya kule wanakupa kofia ngumu uvae, hawakubali bila hiyo, na dereva alinipandisha taratibu mpaka juu ya senta ndogo iliyo kando ya barabara kuu, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Malahaba, mwanangu! Kalibu, kalibu! Hiyo shikamoo sijaisikia siku nyingi."

Alinionyesha chumba cha binti yake Klodina, ambaye yuko Kigali. Nilikagua kitasa. Nilikagua dirisha. Niliinama nikatazama chini ya kitanda, na nilipoinuka nikamkuta amesimama mlangoni.

"Umeona panya?"

"Hapana, mama. Natazama tu."

Tulikaa sebuleni. Jirani mmoja, mwanamke mwembamba, aliingia kumwona mgeni, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mama Klodina akaja na kikombe cha plastiki cha kijani, kimejaa mtobe, yale maji ya ndizi yaliyokamuliwa ambayo bado hayajawa pombe. Alisimama mbele yangu, akanywa funda moja yeye mwenyewe, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili.

Kanuni ikapiga kelele kichwani. Hakikufunguliwa mbele yako. Tena ameshakinywa.

"Asante, mama," nikasema. "Nina maji yangu." Nikatoa chupa kwenye begi, nikanywa.

Nilidhani nimefanya vizuri. Niseme ukweli wote: nilijipongeza. Nilijiona nikimsimulia baba mdogo, hata mtobe nilikataa, baba, sikufanya mchezo.

Yule jirani akasema neno moja kwa lugha yao, polepole. Mama yangu ni Mhangaza, na Kihangaza kinakaribiana na lugha yao, kwa hiyo nililielewa: amekuogopa. Kisha akainuka, akatoka bila kuaga. Mama Klodina akakiweka kikombe sakafuni, akakaa. Maongezi yakaisha. Aliniuliza kama nimeshiba, nikasema nimeshiba. Aliniuliza kuhusu mume wangu, nikasema yuko Kahama, ni fundi wa magari. Halafu kimya. Alikuwa anatazama mlango aliopitia jirani kutoka.

Mtu mwenye wasiwasi akikutana na kimya anakijaza mwenyewe. Nilikijaza. Kwa nini amenyamaza? Kwa nini alitaka sana ninywe? Mwanamke niliyeambiwa ni safi alianza kubadilika machoni pangu, na mimi nimekaa namtazama anabadilika. Nikasimama, nikavaa begi. Nikasema nisimsumbue, nitalala gesti kule chini kwenye senta.

Hakunizuia. Alisema tu, "Jua linashuka."

Jioni, kwenye senta. Nilishuka mbio mbio. Nilikuwa na aibu na sikujua ya nini, na nilitaka tu kuwa mbali na ile nyumba. Kwenye duka la mwisho kijana mmoja aliyevaa vizuri akanisalimia kwa Kiswahili kilichonyooka. Alisema amewahi kukaa Mwanza. Nilifurahi kusikia Kiswahili kama mtu aliyepewa kiti. Gesti? Anaijua, iko hapo tu. Akanivua begi begani, na mimi nikalegeza mkono likatoka.

Soma tena hapo. Mimi niliyempiga picha bodaboda wa Ngara, nilimpa mtu begi langu lenye pasipoti. Kilichonilegeza si kumwamini. Ni kwamba nilikuwa nakimbia kitu kingine, na ukiwa unakimbia hutazami unakokwenda.

Tuliiacha barabara kuu tukaingia njia ya kushuka bondeni. Ile "hapo tu" ikasogea. Nilitoa simu nimpigie mama, akasema kwa upole, "Achana na simu, dada, laini ya kwenu huku inakula sana salio. Utapiga ukifika." Filimbi ilikuwa kwenye mfuko wa begi. Begi lilikuwa mgongoni kwake.

Nikasikia mtu anaita juu yetu.

"Wewe! Huyo ni mgeni wangu!"

Mama Klodina alikuwa anashuka ile njia kwa miguu, kitenge amekikunja kiunoni, mkono mmoja ameuinua juu na kikombe cha kijani, mtobe unamwagikia kwenye kiwiko. Nyuma yake walikuja wanawake watatu wanne waliokuwa dukani, na yule jirani mwembamba akiwemo.

"Mama, anatafuta gesti, namsaidia," kijana akasema.

"Gesti gani iko bondeni? Huko kuna mto na mpunga. Anakwenda kulala na vyula? Weka begi chini."

Akaliweka. Akacheka kidogo, akasema watu wa siku hizi hawajui kushukuru, akapanda njia akapotea. Mpaka leo sijui alikuwa mtu gani. Pengine kweli kulikuwa na gesti. Sitaki kujua.

Nilianza kumshukuru Mama Klodina, akanikata.

"Usinishukuru. Sikukujia wewe peke yako. Nimejifuata na mimi." Alikuwa anahema. "Umetoka kwangu hujagusa kitu, mbele ya jirani. Umetoa maji yako kwenye nyumba yangu! Usiku huu ukiumwa tumbo huko gesti, watasema nani? Kesho ukianguka na pikipiki, watasema nani? Hapa mwanamke akishasemwa anawapa watu sumu, hakuna anayekunywa hata maji yake. Binti yake hapati mchumba. Nilionja mbele ya macho yako, mtoto wewe. Kwenu hamuonji?"

Tunaonja. Hilo ndilo lililonipiga. Bibi yangu mzaa mama, Mhangaza, kila alipompa mgeni kinywaji alitangulia kunywa funda moja, na mimi nilikua nikidhani anaangalia kama kimeiva. Nilikuwa nimehangaika miezi yote kutafuta namna ya kujua kikombe ni salama, na namna hiyo ilikuwa nyumbani kwetu, inafanywa mbele yangu, kabla simu hazijafika Bisibo.

Mama Klodina aliugeukia ule umati mdogo. Akainua kikombe ili waone, akanywa. Akafuta ukingo, akanipa kwa mikono miwili. Kilikuwa kimebaki nusu. Nilikunywa chote mpaka chini. Ulikuwa mtamu, wa vuguvugu, na una harufu ya moshi. Wanawake wakapiga makofi, mmoja akapiga kigelegele kabisa, kama harusini. Jirani mwembamba alicheka kwa kuziba mdomo.

"Haya, twende, giza linaingia," Mama Klodina akasema. "Na uvue hiyo pete. Mume gani anakuachia kidole cha kijani?"

Nilitazama. Kidole kilikuwa cha kijani kweli, pete imekitia kutu.

Nilimpigia mama jua likiwa limebakiza ukucha. Nikamwambia nimefika salama, nikasikia jinsi neno hilo lilivyokuwa jembamba.

Asubuhi, barabara kuu. Mama Klodina alinisindikiza mpaka basi likasimama. Hakuishia hapo. Aliingia ndani, akatazama abiria, akamchagua mama mmoja anayekwenda Kigali kumwona mkwewe, akazungumza naye, akanikabidhi kama mzigo unaohitaji sahihi. Yule mama alinikabidhi kwa binti wa kaunta ya gesti niliyoilipia. Njia yote niliyopita baadaye ilikuwa hivyo, mwanamke ananipokea kwa mwanamke, na sikumficha hata mmoja kwamba niko peke yangu. Kwa hiyo sikuwa peke yangu.

Kigali ni vilima na lami na watu wanaosubiri zamu yao kimya kimya. Nilitembea hadi nyayo zikavimba. Nilikagua vitasa. Kwenye ukumbi wa chakula mwanamume wa meza ya mbali aliniletea soda iliyokwisha kufunguliwa, anatabasamu. Niliirudisha kwa mhudumu, na safari hii sikuona aibu wala fahari. Yule hakuwa mwenyeji wangu, hakuonja kitu, hakuna jirani aliyekuwa akimtazama, na mimi nikiugua hakuwa na cha kupoteza.

Hilo ndilo ninaloweza kuwapa, wasichana wa kwetu. Sisemi mkubali kila kikombe. Filimbi bebeni, nakala za pasipoti tengenezeni, fikeni kabla jua halijazama. Lakini kabla hujamwogopa mtu, jiulize yeye anapoteza nini likikupata baya. Mama Klodina alikuwa na mengi ya kupoteza, na ndiyo maana alikimbia. Yule kijana wa bondeni hakuwa na chochote, na ndiye niliyempa begi.

Kurudi, Bukiriro. Baba mdogo alinisubiri ameketi uani, amevaa koti ingawa hapakuwa na baridi. Adela alikaa kwenye ngazi ya mlango, anachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Karibu, mwalimu. Eleza. Kulikuwa na tatizo?"

Adela aliinua macho. Yalisema wazi: hapana. Neno dogo tu, hapana, halafu anaanza kupanga begi lake. Nililishika neno hilo mdomoni. Lakini kama ningelisema, Adela angevuka daraja akiwa na kanuni zangu zote na bila kile kilichoniokoa.

"Kulikuwa na tatizo, baba," nikasema. Mboga zikaanguka.

Nilieleza yote. Kikombe, chupa yangu, jirani, bonde, begi. Sikujipamba. Mama mdogo alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo mtu usiyemjua ulimpa begi," baba mdogo akasema.

"Nilimpa."

"Na pasipoti ndani."

"Ndani, baba."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Nilimwona Adela anaokota mboga moja moja, ameinamisha uso, na nikajua nimeifunga safari yake kwa mikono yangu.

"Huyo Mama Klodina," baba mdogo akasema, "alikukimbilia kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na kikombe mkononi."

"Na ulikuwa umeshamtukana."

"Nilikuwa nimeshamtukana."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka magotini. Kisha akaita bila kugeuka.

"Adela."

"Abee, baba."

"Ukifika kwa huyo mama, kunywa."